Kabla ya Kufungua Injini

Neno la wiki: Nehemia 2:11-16



Nehemia alipofika Yerusalemu hakuanza kwa kushika jiwe. Alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku na watu wachache, akiwa na mnyama mmoja tu, yule aliyempanda mwenyewe. Alitokea Lango la Bondeni, akapita Lango la Jaa, akitazama kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketea kwa moto. Karibu na Birika la Mfalme njia ikawa nyembamba hata mnyama akakosa pa kupita, naye akashika njia ya bondeni, akaendelea kutazama. Wakuu wa mji hawakujua alikokwenda. Na hata kabla ya safari hiyo, tangu alipopokea habari za mji mwezi wa Kisleu hadi alipofungua kinywa mbele ya mfalme Artashasta mwezi wa Nisani, ilikuwa imepita kama miezi minne, na aliianza kwa kulia, kufunga na kuomba. Ukuta wenyewe, kazi ilipoanza, ulikamilika kwa siku 52.

Hesabu hiyo hunigusa kila ninapoisoma. Alitumia muda mrefu kuuelewa uharibifu kuliko alioutumia kuujenga upya.

Nimerudi kwenye sura hii kwa sababu ya pikipiki. Vijana wa usharika wetu hapa Engutoto, Arusha, wameamua kuifufua pikipiki ya zamani iliyokuwa stoo, nyuma ya mabenchi mabovu. Ni ya injini ya mipigo miwili, na waliozidi miaka hamsini mnazikumbuka za aina hiyo: Yamaha za CC 100 zenye keria mbele na nyuma na mnyororo uliofunikwa, Suzuki A100, na Vespa ambazo wenzetu wa Zanzibar wamezipenda hadi leo. Kabla ya bodaboda za Kihindi na Kichina kujaa mitaani, hizo ndizo zilizombeba bwana shamba, tabibu wa zahanati na mwinjilisti. Wamisionari wa Leipzig walifungua kituo cha Ilboru mwaka 1904, na kwa miaka mingi baada ya hapo kazi ya Injili kwenye miteremko ya Meru ilifanywa kwa miguu. Pikipiki ilipokuja, mwinjilisti mmoja aliweza kuongoza ibada asubuhi mtaa wa chini na kuzika mtu alasiri mtaa wa juu. Iliyoko stoo kwetu ilifanya kazi hiyo mpaka ilipokataa.

Niwaeleze kidogo inavyofanya kazi, maana bila hilo sehemu iliyobaki haitaeleweka. Pikipiki nyingi za leo zina oili yake chini ya injini, inazunguka na kurudi. Injini ya mipigo miwili haina akiba hiyo. Oili huingia pamoja na petroli, ama kwa pampu ndogo, mfumo ambao Yamaha walianza kuutumia mwaka 1964 kwa jina la Autolube, ama kwa mkono wa mwenye pikipiki anayechanganya kwenye dumu kabla ya kumimina tangini. Yetu iliondolewa pampu zamani, kwa hiyo tunachanganya wenyewe, mililita 200 za oili kwa lita 5 za petroli. Mchanganyiko huo hupita kwanza kwenye chumba cha kranki chini ya pistoni, unalainisha beringi, halafu unasukumwa juu kuungua. Kinacholainisha na kinachoungua huingia kwa mlango mmoja. Kikipungua kimoja, kimepungua na cha pili.

Wa kwanza kuishika alikuwa kijana dereva wa bodaboda, mwenye mikono mizuri na moyo wa kujitolea. Alibadilisha plagi. Alifungua kabureta akakuta petroli ya miaka imekauka ndani na kuziba jeti, akaiosha. Pikipiki ikawaka, watu wakashangilia. Kisha resi zikapanda zenyewe bila mtu kugusa mkono, injini ikalia kwa ukali, ikazima. Akabadilisha koili. Ikawaka, ikapandisha resi, ikazima. Alikuwa tayari kwenda kununua kabureta nyingine ndipo mzee mmoja wa kanisa akamleta fundi anayemfahamu tangu ujana wao.

Fundi huyo alijifunza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna, mafuta ya shida, spea za shida zaidi. Fundi wa wakati ule hakuweza kubahatisha. Akinunua koili na kumbe tatizo ni kondensa, hapati pesa ya kondensa, na pengine hata kondensa yenyewe haipo mjini. Ilimbidi ajue kwanza. Leo Arusha imejaa spea za bei nafuu, na ni neema, lakini nadhani zimetuzoesha kubadilisha kitu baada ya kitu mpaka chombo kiwake, na kikiwaka hatujui kilichokuwa kinakisumbua. Nasema hivi nikifikiria huduma yetu kuliko pikipiki. Mtu akikunjamana tunazo spea nyingi za kumpa: semina ya ndoa, mkesha, aya ya kukariri, ushauri wa papo hapo. Zote ni njema. Na mara nyingi tunampa zote kwa mfululizo, bila mtu hata mmoja kumuuliza ilianzaje.

Fundi yule hakutoa spana. Aliuliza tu.

“Mchungaji, siku ya mwisho ilizimaje?”

Hakuna aliyejua. Akatueleza kwa nini anauliza. Injini inayozima ghafla, kama mtu kazima swichi, ufuate umeme: plagi, waya, platini. Inayokohoa na kufifia kidogo kidogo inakosa mafuta. Inayozima ikipata moto na kuwaka tena ikipoa, tazama koili na kondensa. Inayozima huku tairi la nyuma likiburuza, pistoni imejam. Kila kifo kina dalili yake, na dalili hizo hazikuwa ndani ya injini, zilikuwa kwa aliyeiendesha.

“Nani aliiendesha mwisho?”

“Mwinjilisti wetu mstaafu.”

“Yu hai?”

“Yu hai, baba.”

“Basi tuanzie kwake.”

Tukaenda. Mwinjilisti alitupokea kwa chai, na alipoulizwa alikumbuka kila kitu. Alisema miezi ya mwisho pikipiki ilikuwa imepata nguvu isiyo ya kawaida. Ilipandisha resi yenyewe hata akiwa amesimama. Alipowaambia watu, walimjibu injini ni nzima, mbona inavuta vizuri hivyo, mbona inaita sana. Naye akaendelea kuitumia, mpaka siku moja mteremkoni tairi la nyuma lilipofunga, akawahi kukamata klachi, Mungu akamhifadhi. Jibu lote lilikuwa kwake miaka hiyo yote, kilomita chache kutoka stoo.

Tuliporudi fundi alijua pa kutazama, lakini bado hakufungua injini. Alipaka grisi kwenye kiungo cha kabureta na silinda ili aone kama hewa inaingilia hapo. Resi zikapanda vilevile, kwa hiyo siyo hapo. Akatoa kava la upande wa sumaku, na nyuma yake pakawa pamelowa oili iliyoshikana na vumbi. Sili ya kranki ilikuwa imekauka na kuwa ngumu. Hewa ilikuwa inaingia kwa mlango huo wa nyuma.

Hewa isiyopitia kabureta haina petroli, na kwa kuwa haina petroli haina oili. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, moto unakuwa mkali kupita kiasi, resi zinapanda. Aliye nje anasikia nguvu. Ndani, pistoni inatanuka ikiwa kavu, inaanza kukwaruza ukuta wa silinda. Tulipoitoa hatimaye, ilikuwa na mistari mirefu upande mmoja.

Wapendwa, tunao watu wa namna hii sharikani, na mimi nawaogopea kuliko wale wanaosinzia wakati wa mahubiri. Ni mama anayeongoza kwaya, mweka hazina wa kikundi, mjumbe wa kamati ya ujenzi, wa kwanza kufika msibani na wa mwisho kuondoka. Ni kijana ambaye kila mkesha yupo, kila mkutano wa Injili yupo, na sauti yake inazidi kupanda. Tunamsifu, tunasema huyu anawaka. Tunamwongezea kamati nyingine. Hatuulizi anakula nini rohoni, ana nani wa kuzungumza naye nyumbani, analala saa ngapi. Halafu Jumapili moja hayupo, na nyingine hayupo, simu haipokelewi, na tunashangaa kwamba mtu mwenye moto vile amerudi nyuma.

Eliya aliwaka hivyo. Kutoka Karmeli alikimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, na muda si mrefu tunamkuta chini ya mretemu akiomba afe. Tazameni Mungu alivyomshughulikia katika 1 Wafalme 19. Kwanza usingizi. Kisha mkate na maji, na usingizi tena, na mkate tena. Alipofika Horebu, Mungu alimuuliza yuko pale kwa sababu gani, akamwacha aseme yote, baadaye akamuuliza tena swali lilelile na kumwacha aseme tena yaleyale. Bwana ajuaye yote hakuona ni kupoteza muda kumuuliza mtu aliyechoka.

Nirudi kwenye mteremko, maana hapo fundi alitufundisha jambo ambalo madereva wetu vijana hawakuwahi kulisikia. Bodaboda ya kisasa unaweza kufunga resi kabisa na kuiacha injini ikuzuie mpaka chini. Hii ya mipigo miwili ukifunga resi umefunga petroli, na kwa kuwa oili inakuja na petroli umefunga oili. Tairi bado linazungusha injini kwa kasi ileile, ila sasa inazunguka kavu. Ndiyo maana mwinjilisti wetu, alipokuwa anatoka mitaa ya juu kushuka mjini, kila baada ya kitambo alifungua resi kidogo tu, kisha akafunga, hivyo hivyo mpaka bondeni. Alifundishwa na waliomtangulia. Siku ile haikumsaidia, kwa sababu sili ilikuwa imeshakufa.

Nimewafikiria sana watu wa mteremko. Karibu nasi, upande wa Njiro na Themi, palikuwa na viwanda vilivyolisha familia nyingi za mji huu, na kiwanda cha matairi cha General Tyre kiliposimama mwishoni mwa miaka ya 2000, wapo baba ambao mshahara wao ulikatika huku maisha yakizunguka kwa kasi ileile ya jana: ada ya shule, kodi ya nyumba, michango ya harusi na misiba. Wapo wastaafu wa serikali ambao simu zilikuwa hazinyamazi, na mwezi mmoja baada ya kukabidhi ofisi hakuna anayewapigia. Tukiwaona tunadhani wamepumzika. Wanashuka mteremko kwa kasi na hakuna kitu kinachoingia. Mtu wa namna hiyo hahitaji kazi kubwa kanisani. Anahitaji kidogo, mara kwa mara, bila kukatika: kualikwa kusoma Neno kwenye jumuiya, kuulizwa maoni yake juu ya jambo analolijua, mtu kupita kwake jioni wakanywa chai.

Liko jambo jingine alilolisema fundi nikaliandika. Kijana alikuwa amemwonyesha plagi nyeusi kwa masizi kutoka pikipiki nyingine ya mipigo miwili, iliyoletwa kutoka Tanga, akisema ina ugonjwa. Fundi akajibu kwamba haina ugonjwa wowote. Ilipangwa kwa hewa ya pwani. Mji wetu uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ya hapa ni nyepesi, na kabureta inayomimina petroli ya kutosha kule inamimina ya kuzidi hapa. Inahitaji jeti ndogo zaidi, basi. Ukiirudisha Tanga na jeti hiyo ndogo, utaiua. Nimekutana na wasichana waliotoka Longido na Simanjiro kuja kufanya kazi za ndani katika nyumba zetu, tukawaita wakaidi au wazito wa kuelewa. Nimekutana na vijana wa vyuo ambao kijijini walikuwa nguzo ya kanisa, na hapa mjini hawaonekani ibadani. Kabla hatujasema wameharibika, tuulize walipangwa kwa hewa ya wapi, na sisi tumewasaidiaje kuvuta hii.

Eksozi nayo ilikuwa imeziba kwa masizi ya oili iliyoungua, ikachomwa na kugongwa mpaka ikawa wazi. Katika injini hii moshi unatoka wakati uleule mchanganyiko mpya unapoingia, kwa hiyo kilichozibwa kutoa kinashindwa pia kupokea. Wenye masikio juu ya toba wamenielewa.

Silinda ikapelekwa kukerezwa, ikafungwa pistoni ya saizi inayofuata, sili mpya pande zote mbili. Sasa pikipiki inapanda mlima. Ila nisiwadanganye kwamba kila cha zamani kirudishwe barabarani kila siku. Injini hizi zinatoa moshi mwingi, na moshi huo unaumiza mapafu. Jiji la Dhaka huko Bangladesh liliziondoa bajaji za mipigo miwili mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu hiyo. Yetu tumeitengeneza ili vijana wajifunze kazi, na mwinjilisti wa sasa ataendelea kutumia pikipiki nyingine aliyo nayo.

Narudi kwa Nehemia, kwa sababu liko jambo katika ukaguzi wake ambalo linanielemea kama mchungaji wenu. Alizunguka usiku. Hakutaka wakuu, makuhani wala watu wa mji wajue kabla hajaelewa. Angeweza kupita mchana na kundi kubwa, akionyesha kidole kila penye ufa, na watu wangemsifu kwa ujasiri. Lakini mji ule ulikuwa umekwisha kuaibika vya kutosha. Sisi katika vikundi vyetu vya maombi tumezoea vingine. Habari ya ndoa ya mtu inaletwa mbele ya watu ishirini kama mzigo wa maombi, na kabla ya ibada ya jioni mtaa mzima unaijua, na mwenye ndoa hajaulizwa na mtu yeyote. Nawasihi, na nasema kwa uchungu, jambo hili likome kati yetu. Ukimjua mwenzako kuwa ana ufa, nenda peke yako, nenda jioni, na uliyoyasikia yabaki ulikoyasikia mpaka yeye mwenyewe aseme yatoke.

Na Nehemia alipofika wakati wa kusema, katika mstari wa 17, hakuwaeleza watu wa Yerusalemu hali yao. Alizungumza juu ya hali mbaya ambayo yeye pamoja nao walikuwa ndani yake. Alikuwa ametoka kwenye jumba la mfalme, hakuna lango la nyumba yake lililoungua, lakini usiku ule akizunguka juu ya mnyama wake alikuwa ameingia katika uharibifu huo hata ukawa wake. Sidhani mtu anaweza kusema hivyo kwa kweli kama hakutazama kwanza kwa muda mrefu.

Kwa hiyo wiki hii wazee wa kanisa watapewa majina ya washarika ambao hatujawaona kwenye Meza ya Bwana kwa muda. Kila mzee achukue jina moja tu. Usiende na Biblia iliyofunguliwa kwenye aya uliyoichagua, wala usiende na bahasha ya ahadi ya ujenzi. Nenda umsalimie, ukae, umuulize siku za karibuni zimekuwaje na zilianza kubadilika lini. Akinyamaza, nyamaza naye. Kama kuna mtu wa nyumbani anayemfahamu kuliko wewe, omba ruhusa yake kabla ya kuzungumza na huyo. Ombeni pamoja akitaka. Mkirudi Alhamisi kwenye jumuiya, sitauliza mmewashauri nini. Nitauliza kama mmepokelewa, na kama mtakwenda tena wiki ijayo.